Mtoto anayevuja mkojo: bayofidibaki, mafunzo ya kibofu, dawa au kengele?

Mzazi anayempeleka mtoto wa miaka saba hospitali kwa sababu ya kulowesha nguo huwa na swali moja mdomoni: kuna dawa? Siku hizi swali hilo limezaa la pili: na ile mashine ya michezo ya kompyuta, ile ya bayofidibaki inayomwonyesha mtoto kwenye skrini misuli yake inavyobana na kulegea, inafaa? Jibu fupi ni kwamba inawafaa sana watoto wa aina moja, inawafaa kidogo wa aina nyingine, na waliobaki inawapotezea muda. Kinachoamua ni kile kinachotokea mwilini mtoto anapokojoa, na hicho mara nyingi hakuna aliyewahi kukiangalia. Tukiangalie kwanza, kisha tulinganishe.

Kulowa kuna sura nyingi

Wataalamu wa matatizo haya, kupitia chama chao cha kimataifa kiitwacho International Children's Continence Society, hugawa tatizo kwanza kwa saa. Mtoto aliyetimiza miaka 5, anayekojoa usingizini tu lakini mchana yuko mkavu na chooni anakwenda vizuri, ana tatizo la usiku peke yake. Anayelowa akiwa macho, hata kama na kitandani analowa, ana tatizo la mchana, na hilo ndilo hutangulizwa. Kumtafutia kengele ya kitandani, ile inayolia mkojo unapogusa nguo, mtoto anayelowa darasani ni kuanzia mwisho.

Huo mchana nao una mambo yake. Yupo mtoto mwenye kibofu chenye haraka: anacheza vizuri, ghafla anasimama, anabana mapaja au anachuchumaa na kukalia kisigino chake, kisha anatimua mbio chooni na kufika chupi imeshalowa. Kibofu kimejikaza kabla hakijajaa, na kile kisigino ni kizuizi alichojibunia mwenyewe. Yupo anayeahirisha: siku nzima anakwenda chooni mara mbili au tatu, kwa sababu mchezo umenoga au choo cha shule kinanuka, mpaka mkojo unamshinda.

Halafu yupo yule ambaye bayofidibaki ilitengenezwa kwa ajili yake. Anakwenda chooni, anakaa, kibofu kinasukuma, lakini misuli ya chini ya nyonga inayozuia mkojo inajikaza wakati ilipaswa kulegea. Mkojo unatoka ukikatikakatika na mwingine unabaki ndani. Baada ya muda mfupi ule uliobaki unavuja, au bakteria wanaota humo na maambukizi ya njia ya mkojo yanarudi tena na tena. Mtoto huyu hafanyi kusudi. Mara nyingi alijifunza kubana alipokuwa mdogo, pengine wakati wa maambukizi yaliyomuunguza au choo kigumu kilichomchana, na mwili ukaishika tabia hiyo hata maumivu yalipokwisha.

Pembeni kuna msichana anayelowa dakika chache tu baada ya kutoka chooni, kila mara, na saa nyingine zote ni mkavu. Huyo huenda anakaa amebana mapaja, mkojo unaingia ukeni, na akisimama unatiririka. Tiba yake ni kushusha chupi mpaka chini, kupanua mapaja, kuinama mbele na kusubiri kidogo kabla ya kuinuka. Ni aibu kumfungia mashine mtoto wa namna hiyo, na bado hutokea.

Kuna wachache ambao wote tuliowataja hawafanani nao, na wanahitaji daktari bingwa kabla ya mazungumzo yoyote ya mazoezi. Msichana anayevuja matone mfululizo usiku na mchana, ingawa anakojoa kawaida, huenda mrija mmoja wa figo umeungana mahali pasipo pake. Mvulana mwenye mkojo mwembamba, anayejikamua kila mara, huenda njia yake imezibwa tangu kuzaliwa. Mtoto mwenye kishimo kisicho cha kawaida, nywele au uvimbe juu ya makalio, au aliyeanza kutembea vibaya, achunguzwe uti wa mgongo. Mtoto aliyekuwa mkavu miezi mingi kisha akaanza kulowa ghafla, huku akinywa maji kupita kiasi na kukonda, apimwe sukari siku hiyohiyo. Na akianza kulowa ghafla bila sababu inayoonekana, mtu mzima anayemwamini azungumze naye kwa upole, maana hofu au kudhulumiwa navyo hujitokeza hivyo.

Vipimo viwili vya bei ya subira

Cha kwanza ni daftari. Kwa siku mbili ambazo mtoto hayuko shule, kila anapokojoa akojoe kwenye kikombe chenye alama za mililita. Mzazi aandike saa, kiasi, alichokunywa na saa aliyolowa. Kibofu cha mtoto wa miaka 4 hadi 12 kinakadiriwa kwa hesabu rahisi: ongeza 1 kwenye umri, zidisha kwa 30. Mtoto wa miaka 7 anatarajiwa kubeba mililita 240 hivi. Daftari likionyesha mililita 80, 70, 90 mara kumi na moja kwa siku, hicho ni kibofu chenye haraka. Likionyesha 420 asubuhi na 390 jioni, na katikati hakuna kitu, mtoto anaahirisha. Kukojoa mara 4 hadi 7 kwa siku ndiyo hali ya kawaida.

Cha pili kinafanyika kliniki. Mtoto anakojoa faraghani kwenye chombo chenye kipimo chini yake, na kompyuta inachora kasi ya mkojo. Anayekojoa vizuri anachora kilima kimoja laini, kinapanda na kushuka. Anayebana na kulegeza anachora meno ya msumeno. Vibandiko vidogo viwili vikiwekwa kando ya njia ya haja kubwa, mstari wa pili unaonyesha kama misuli imenyamaza au inafanya kazi wakati mkojo unatoka. Mwisho anapitishwa ultrasaundi tumboni kuona mkojo uliobaki kibofuni. Inafaa kurudia kipimo hiki, kwa sababu mtoto aliyeona aibu, au aliyejazwa maji mpaka kibofu kikapita kiasi, anaweza kuchora msumeno siku moja na kilima siku ya pili.

Nasema wazi: kliniki inayotaka kuanza bayofidibaki bila kuwa na grafu hii inabahatisha.

Ndani ya kikao cha bayofidibaki

Wazo la kumwonyesha mtu misuli yake isiyoonekana ni la zamani. Mwaka 1948 daktari wa Marekani, Arnold Kegel, alieleza kifaa cha kupimia nguvu za misuli ya nyonga kwa wanawake waliojifungua, ili waone wanavyoibana. Kwa watoto, Maizels na wenzake waliandika kuhusu bayofidibaki mwaka 1979, na mwaka 1999 McKenna na wenzake wakaeleza namna ya kuiunganisha na michezo ya kompyuta, jambo lililoifanya ivumilike kwa mtoto wa miaka sita.

Jina la Kegel limeleta mkanganyiko mmoja mkubwa. Wazazi wengi, na hata baadhi ya watoa huduma, wanadhani lengo ni kuimarisha misuli: mtoto abane, abane zaidi, ahesabu mpaka kumi. Kwa mtoto anayechora msumeno hilo ni kumwongezea ugonjwa. Misuli yake ina nguvu tele. Kubana kunafundishwa kidogo tu, ili atambue misuli yenyewe iko wapi, na kikao kingine chote ni kujifunza kuiachia.

Kikao chenyewe hakiumi. Mtoto anakaa kwenye kiti, miguu imekanyaga kibao, mapaja yamepanuka, mgongo umenyooka. Vibandiko vimekaa kando ya njia ya haja kubwa na vingine tumboni, kwa sababu watoto wengi wakiambiwa "bana" wanakaza tumbo au makalio. Kwenye skrini kuna samaki. Akibana samaki anapanda, akilegeza anashuka chini kwenye mchanga. Fundi wa kazi hii haangalii samaki anapanda mpaka wapi. Anaangalia anashuka haraka kiasi gani, na kama akifika chini anatulia. Mtoto anavuta pumzi mpaka tumbo linajaa, anaitoa polepole, samaki anazama. Ndipo unamwona usoni kwamba ameelewa. Kabla ya hapo neno "legeza" lilikuwa halina maana kwake, kwa sababu hakujua kama amebana.

Baadaye, kibofu kikijaa, anakojoa huku akiiona grafu yake mwenyewe. Hapo kuna kazi ya pili na muhimu kuliko samaki: kuutoa ule ulegevu kwenye kiti cha mchezo na kuupeleka chooni. Wapo watoto hodari wa mchezo ambao wakikaa kukojoa wanarudi kwenye msumeno. Ultrasaundi inafunga kikao, kuona kilichobaki kimepungua au la.

Vikao huwa vichache hadi kumi hivi, wiki moja au mbili kati ya kimoja na kingine, na nyumbani mtoto anafanya mazoezi kila siku. Umri wa chini ni miaka 5 kwa kawaida, lakini kinachohitajika hasa ni mtoto anayeweza kufuata maelekezo na kutulia. Mwenye tatizo la kukosa utulivu, na watoto wa namna hiyo huvuja mkojo zaidi ya wengine, anaweza kuhitaji vikao vifupi zaidi au atibiwe hilo kwanza. Kifaa cha kuingizwa njia ya haja kubwa kilitumika zamani. Mtoto hana haja nacho, na kliniki inayokipendekeza kwa kawaida tu iulizwe sababu.

Bayofidibaki na mafunzo ya kawaida ya kibofu

Huu ndio mpambano halisi, na mzazi akisoma sehemu moja tu, asome hii.

Mafunzo ya kawaida hayana mashine. Mtoto na mzazi wanaelezwa kibofu kinavyofanya kazi, kwa picha. Mtoto anakwenda chooni kwa saa, kila baada ya saa mbili au tatu, awe amebanwa au hajabanwa. Saa ya mkononi inayotetemeka inasaidia kuliko mama kupiga kelele. Anakaa vizuri, miguu imekanyaga kitu, hata mvulana akiwa anajifunza ni bora akae. Anakojoa bila haraka, anatulia, anajaribu tena kidogo. Maji anakunywa ya kutosha asubuhi na mchana, maana kumnyima maji kunafanya mkojo uwe mkali na kibofu kikereke zaidi. Na choo kigumu kinatibiwa.

Hili la choo kigumu lina uzito wake. Utumbo wa mwisho umelala mgongoni mwa kibofu. Ukijaa unakisukuma, unakinyima nafasi na kuchokoza misuli ileile ya nyonga. Utafiti wa Loening-Baucke uliochapishwa Marekani mwaka 1997 ulifuatilia watoto 234 wenye choo kigumu cha muda mrefu. Asilimia 29 kati yao walikuwa wanalowa mchana. Choo kigumu kilipotibiwa kikaisha, asilimia 89 ya waliokuwa wakilowa mchana walikauka, na waliokuwa wakilowa usiku asilimia 63. Hakuna aliyewagusa kibofu. Ndiyo maana swali la kwanza la daktari mzuri, hata ukimwambia mkojo, ni kuhusu kinyesi: kila siku? kigumu? kinaziba choo? chupi ina alama? Mzazi wa mtoto wa miaka minane mara nyingi hajui, kwa sababu mtoto anakwenda mwenyewe. Aangalie kwa wiki mbili.

Sasa ushahidi. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2011 yalikusanya tafiti 27 za bayofidibaki kwa watoto, na kwa wastani karibu asilimia 80 ya waliokuwa wakilowa mchana walipata nafuu. Takwimu hiyo ndiyo inayowekwa kwenye vipeperushi. Kisichowekwa ni kwamba kati ya tafiti hizo 27, ni moja tu iliyowagawa watoto kwa bahati nasibu na kuwalinganisha na kundi lingine. Mwaka 2015 mapitio mengine yakachukua majaribio yaliyogawa watoto kwa bahati nasibu peke yake. Yalipatikana 5, yenye watoto 382. Baada ya miezi 6, waliopata bayofidibaki na waliopata mafunzo ya kawaida walikuwa wamekauka kwa viwango visivyotofautiana kwa uhakika.

Mtu anaweza kusema basi mashine ni mapambo. Mimi siisomi hivyo. Majaribio hayo yalikuwa na watoto wa aina mbalimbali, na kundi la kulinganishwa lilipata mafunzo mazuri, ambayo ndani yake tayari kuna kufundishwa kulegeza. Ninachokiona ni kwamba mafunzo yakifanywa kwa dhati yanabeba mzigo mkubwa wa kazi, na kwa mtoto wa kawaida mashine haiongezi kitu kinachoonekana. Inayobaki kuwa na maana ni kwa yule aliyefuata mafunzo kwa miezi kadhaa, choo kigumu kimetibiwa, daftari linaonyesha anakwenda kwa saa, na bado grafu ni msumeno na mkojo unabaki. Huyo maneno yameshindwa kumfundisha, na samaki anaweza kumwonyesha.

Kuna na jambo la upande wa pili ambalo takwimu hazilioni vizuri. Mafunzo ya kawaida yanategemea nyumba: mtu wa kukumbusha, wa kujaza daftari, wa kutopiga kelele mtoto akilowa. Bayofidibaki inategemea safari: kliniki yenye kifaa, mtaalamu aliyejifunza kazi ya watoto, nauli na siku za shule zinazokosekana. Familia yenye kliniki mbali isijione imekosa tiba kwa kukosa mashine. Kipimo cha mtiririko mara moja mwanzoni na mara moja mwishoni, na katikati mafunzo yanayofuatiliwa kwa simu, ni mpango mzuri kabisa.

Na dawa za kutuliza kibofu

Oksibutinini na ndugu zake zinazuia kibofu kujikaza ovyo. Kwa mtoto mwenye haraka, kibofu kidogo na grafu nzuri, akishapitia mafunzo bila kukauka, dawa hizi ni chaguo la busara kuliko bayofidibaki, kwa sababu tatizo lake liko kwenye kibofu na misuli ya nyonga inafanya kazi yake. Zina gharama yake mwilini: mdomo mkavu, uso kuwa mwekundu, jasho kupungua hata mtoto akapata taabu wakati wa joto, wengine kubadilika tabia, na choo kuwa kigumu.

Kwa mtoto wa msumeno ni kinyume. Kibofu chake kinasukuma dhidi ya mlango uliofungwa. Ukikilegeza, mkojo unabaki zaidi, choo kinakuwa kigumu zaidi, na maambukizi yanapata makazi. Hapa ndipo kuchagua bila grafu kunapodhuru badala ya kukawiza tu. Mtoto akianzishiwa dawa hizi, kipimo cha kinachobaki kirudiwe.

Zipo dawa za kulegeza shingo ya kibofu zinazotumiwa na mabingwa kwa watoto wachache. Hizo ni mazungumzo ya chumba cha bingwa.

Na vibandiko vya umeme

Hivi huchanganywa na bayofidibaki kwa sababu vyote vina waya na vibandiko. Kazi yake ni tofauti. Hapa vibandiko viwili vinawekwa chini ya kiuno, juu ya makalio, na umeme mdogo sana, kwa kawaida wa mipigo 10 kwa sekunde, unapita kwa dakika 20 au zaidi kutuliza mishipa ya fahamu ya kibofu. Mtoto anaweza kuwa anachora picha au amelala kifudifudi anaangalia katuni. Hajifunzi chochote, na huo ndio uzuri wake kwa asiyetulia, na ndio upungufu wake kwa anayehitaji kujifunza kulegeza.

Kwa hiyo: haraka na kibofu kidogo, hasa kama dawa zimemkera au choo ni kigumu, umeme unastahili kujaribiwa. Msumeno, bayofidibaki. Mtoto mwenye vyote viwili, na wapo, baadhi ya kliniki huunganisha. Umeme una faida nyingine kwamba baadhi ya vifaa vinaweza kutumiwa nyumbani mzazi akishafundishwa.

Anayelowa kitandani tu

Hapa bayofidibaki ikae pembeni. Mtoto wa usiku peke yake amelala. Hakuna samaki wa kumwangalia. Anachokosa ni kuamka kibofu kinapojaa, au figo zake zinatengeneza mkojo mwingi usiku, au vyote. Kila mwaka karibu asilimia 15 ya watoto hawa huacha wenyewe bila tiba yoyote, kwa hiyo kusubiri ni chaguo halali kama mtoto mwenyewe hajali. Akianza kukwepa kulala kwa wenzake, kusubiri kumekwisha.

Kengele ni kihisio kinacholia mkojo unapogusa nguo. Asili yake inachekesha: mwaka 1904 daktari wa watoto Meinhard von Pfaundler alieleza kifaa kilichowekwa ili kuwajulisha wauguzi kwamba mtoto amelowa wabadilishe shuka, na watoto wakaanza kuacha kukojoa. Takriban theluthi mbili ya watoto hukauka wakiitumia, na wengi wao hubaki hivyo. Lakini inadai miezi miwili au mitatu, na wiki za mwanzo anayeamka ni mzazi, kwa sababu mtoto hasikii. Mzazi lazima amwamshe kweli, aende chooni kwa miguu yake, kila usiku. Inaendelea mpaka usiku 14 mkavu mfululizo. Kama nyumbani hakuna wa kuamka, au watoto wanalala wanne chumba kimoja, msijilazimishe.

Dawa ya desmopresini inazipunguzia figo kazi ya usiku. Inafanya kazi usiku huohuo, kwa hiyo ni nzuri kwa safari ya shule, lakini ni kama theluthi moja tu wanaokauka kabisa, na wengi hurudi ikikatizwa. Mtoto asinywe zaidi ya mafunda machache kuanzia saa moja kabla ya kidonge mpaka saa 8 baadaye. Akinywa maji mengi, chumvi mwilini inashuka na anaweza kupata degedege. Ndiyo sababu FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliagiza mwaka 2007 kwamba ile ya kupuliza puani isitumike tena kwa kukojoa kitandani.

Kuchagua kati ya kengele na desmopresini kunawezekana kwa mizani ya jikoni. Pima nepi kavu, ipime tena asubuhi, chukua tofauti, kila gramu ukiihesabu kama mililita moja, kisha jumlisha na mkojo wa kwanza wa asubuhi. Kwa mtoto wa miaka 7, jumla ikipita mililita 310 hivi, yaani asilimia 130 ya kibofu chake, figo zinazalisha nyingi na dawa ina nafasi. Ikiwa chini ya hapo, kengele kwanza.

Mkishaamua kujaribu bayofidibaki

Ulizeni mambo haya kabla ya kulipa. Grafu ya mwanzo iko wapi, na kilichobaki kilikuwa kiasi gani? Nani amemtibu choo kigumu? Mnafundisha kubana au kulegeza? Mtapima tena lini? Mtaalamu anayejibu la tatu kwa "kuimarisha" huenda amezoea akina mama waliojifungua, na kazi hiyo ni nyingine. Vifaa vya nyumbani vipo pia, na vinafaa kuendeleza mazoezi baada ya mtoto kufundishwa na mtu. Kuanza navyo peke yake sikupendekezi, kwa sababu hakuna wa kuona kwamba tumbo ndilo linalofanya kazi.

Mtoto asiadhibiwe kwa kulowa wala asipewe zawadi kwa ukavu, ambao hauko mikononi mwake. Zawadi iende kwa alichokifanya: amekwenda chooni saa ilipolia, amekanyaga kibao, amejaza daftari.

Baada ya vikao vyote, rudieni grafu kabla ya kusema imefaulu au imeshindwa. Grafu ikiwa kilima, hakuna kinachobaki, na mtoto bado analowa, basi bayofidibaki imefanya kazi yake na chini yake kulikuwa na kibofu chenye haraka. Hapo ndipo dawa ya kutuliza au umeme unaingia, safari hii kwa usalama. Grafu ikiwa bado ni msumeno wakati kwenye mchezo anafanya vizuri, waongeze vikao vya kukojoa na wapunguze vya samaki. Na ikiwa hata kwenye mchezo misuli haitulii, ingawa mtoto anashirikiana na choo ni laini, asirudishwe mwanzo kwa duru nyingine. Apelekwe apimwe shinikizo la ndani ya kibofu, na bingwa aamue kama uti wa mgongo upigwe picha.